Waya Ulipokuwa Juu

Wiki ile yote nililala vibaya kwa sababu ya waya. Ni waya wa shaba wa kawaida, antena ya redio, tumeutundika juu ya paa la chumba tulichopanga Hai Amarat, hapa Juba, na swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: niushushe, au niuache juu? Mtu mwingine angeamua kabla chai haijapoa. Mimi nililigeuza swali hilo kama chapati, upande huu, upande ule, mpaka likaungua pande zote mbili.

Chumba hicho ni cha chama chetu kidogo cha redio ya ridhaa. Ridhaa maana yake unafanya kwa kupenda, hakuna aliyekuajiri. Una kibali, una redio, una jina la hewani la herufi na tarakimu, na unaongea na watu wa mbali wenye kichaa kama chako. Kwa kuwa nimemaliza chuo na bado sijapata kazi, wenzangu walinikabidhi wanachama wapya niwaeleze maneno yetu: ova ni nini, roja ni nini, kwa nini tunaagana kwa kusema sabini na tatu. Mmoja wa hao wapya ni Abuk. Kaka yake ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Mundri, si mbali sana na Juba, na zahanati ile ina redio. Tangu mvua zianze simu za kule zimekatika, na redio yao hatuipati. Siku ya kwanza Abuk alisikiliza somo langu lote akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza akauliza, "Dada Keji, hayo maneno nitayajua tu. Niambie, mtu wa karibu anasikikaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelijua tangu nikiwa mtoto. Nikamwambia somo hilo tutalifikia wiki ijayo.

Nilipobaki peke yangu niliinama chini ya meza kuunganisha betri ya gari kwenye chaja, na ile harufu ikapanda, ya chuma na ya kitu kichachu kinachouma puani. Nikajikuta niko Buluk, mtaa wetu wa utotoni, nimechuchumaa chini ya meza nyingine, mbele ya miguu ya Shangazi Kiden.

Shangazi Kiden ni dada wa baba yangu. Tuliporudi kutoka kambini Uganda, yeye ndiye aliyepewa chumba cha redio katika uwanja wa kanisa, kwa sababu huko uhamishoni alijifunza kazi hiyo kwa padre mmoja mzee. Tuliishi nyumba mbili nyuma ya chumba hicho. Kwetu kila lugha ilikuwa na kazi yake: Kiarabu cha Juba kilikuwa cha sokoni, Kibari kilikuwa cha kugombezwa, na Kiswahili kilikuwa cha hewani, maana waliotusikia walikuwa Uganda, Kenya na mbele zaidi. Mpaka leo nikisikia Kiswahili kinazungumzwa polepole na kwa ukamilifu, huwa nasubiri mtu aseme ova.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vya plastiki na vitabu vya nyimbo. Redio ilikuwa na ukubwa wa debe la biskuti, kijivu, ina kioo kidogo chenye mwanga wa njano. Watu walikaa kwenye benchi nje, wakaitwa mmojammoja. Shangazi alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: hewani hakuna kulia. "Lia hapa nje," aliwaambia, "lia umalize, kisha uingie useme. Ukilia kwenye kipaza sauti, mwenzako kule anasikia kelele tu, na betri inakwisha." Niliwaona wanaume wazima wakiinuka kwenye benchi, wakaenda nyuma ya tangi la maji, wakarudi na nyuso zilizonawishwa.

Alinifundisha maneno kwa vile nilikuwa sitoki chini ya meza yake. Redio ile haikuwa kama simu; mmoja anaposema, mwingine hawezi. Unabonyeza kitufe, unasema, na ukimaliza unasema ova, yaani nimemaliza, zamu yako, kisha unaachia kitufe. Nililipenda neno hilo kupita kiasi. Mama na Shangazi walikuwa mawifi wa kweli, wa kutaniana asubuhi na kununiana jioni, na siku moja walikuwa wanagombea sufuria.

"Wifi, hii bamia umeitia chumvi mara mbili," Mama alisema.

"Kaka yangu anaipenda hivyo. Nilimpikia kabla hujajua jina lake."

"Basi ungeolewa naye wewe, nikapumzika—"

"Mama hajasema ova!" nilipiga kelele. "Shangazi, usijibu, hajasema ova!"

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Shangazi akaketi chini. Tangu siku hiyo wakigombana walimalizia kwa ova, na ugomvi wenyewe ukawa haunogi.

Roja lilikuwa gumu zaidi. Nilidhani maana yake ni ndiyo. Shangazi alinisahihisha kwa ukali, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. "Roja si ndiyo. Roja ni nimepokea maneno yako yote. Naweza kuyapokea yote na nisikubali hata moja. Sawa?"

"Sawa."

"Roja," akanirekebisha.

"Roja."

Kisha vita vikaingia mjini. Sitasimulia siku zile. Wenzangu wa rika langu wanazo za kwao, chini ya vitanda vya kwao. Nasema tu kwamba mji ulipotulia barabara zilikuwa zimekufa, na Baba alikuwa Malakal, mbali huko kaskazini. Alikuwa fundi wa pampu za visima, na alikwenda kule kwa kazi ya siku chache. Simu za Malakal zilinyamaza. Lakini mahali alipokimbilia palikuwa na redio, na kila adhuhuri, saa ambayo mawimbi yetu yalikuwa na nguvu, alikuja.

Sauti yake ilikuwa safi ajabu. Nilisikia hata jogoo wa huko. "Keji, unakula? Ova." Nilikuwa nakula, lakini nilishindwa kubonyeza kitufe kwa furaha, na Shangazi alinibonyezea.

Nilitaka kujua Baba anafikaje ndani ya debe. Shangazi alinieleza kwamba sauti inapanda mpaka juu sana, kwamba kule kuna tabaka la hewa linalofanya kazi kama bati, na sauti ikiligonga inarudi chini, mbali. Nilimwamini kuliko alivyokusudia. Mvua iliponyesha nilijua bati la juu limetoboka. Ndege za kijeshi zilipopita nilikasirika kwamba zingelikwaruza, na Baba angekuja akiwa na mikwaruzo.

Siku moja Baba alisema amepata nafasi kwenye tishari, yale mabapa makubwa ya chuma yanayosukumwa na boti mtoni. Wanakuja Juba. Boti ilikuwa na redio, ila masafa yaliyofanya kazi yalikuwa hayohayo ya adhuhuri tu. Vitufe vingine vilikuwa vimekufa. Tulimsikia akiwa njiani. Tulimsikia kesho yake, na keshokutwa yake, na kila siku alitaja mahali papya, huku Mama akirudia jina la mahali hapo kwa sauti ndogo kama anayelionja.

Halafu hatukumsikia.

Saa ya adhuhuri ilipita, redio ikikoroma peke yake. Ikaja adhuhuri nyingine. Watu kwenye benchi walianza kusema chinichini kuhusu matishari yaliyopigwa risasi kutoka ukingoni. Walinyamaza Mama alipotokea, na kunyamaza kwenyewe kukamwambia. Alikipindua kinu chetu mbele ya mlango wa chumba cha redio, akaketi juu yake. Kila adhuhuri alikuwa hapo.

Siku ya tatu au ya nne Shangazi aliivua hedifoni, akaenda kuchuchumaa mbele ya Mama. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Wifi, nisikilize. Aliye mbali tunamsikia, sauti yake inaruka na kutuangukia. Aliye hapa mlangoni tunamsikia, sauti yake inatambaa chini. Katikati hapo pana ukanda wa kimya. Sauti ya kutambaa imechoka, ya kuruka inaturuka na sisi. Tukiacha kumsikia, ndipo amekaribia."

Mama aliinua uso. Hakuwa ametumia maneno ya redio hata siku moja ila kwa utani. "Roja," akasema.

Mimi nilishika yote kama imla. Tukiacha kumsikia, ndipo amekaribia. Kichwani mwangu ikawa sheria ya dunia nzima. Nilikwenda kusugua viatu vya Baba kwa majivu. Kila adhuhuri redio ilipokoroma bila neno, nilishangilia kimoyomoyo. Kimya kikubwa kuliko cha jana, basi Baba amesogea kuliko jana. Na Mama alipoacha kuongea nyumbani, akawa anapika bila neno na kulala bila neno, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua na yeye anakuja, popote alipokuwa.

Hapo ndipo Mjomba Wani alipoingia. Ni kaka wa Mama, aliuza chaja na tochi za Kampala pale soko la Custom, na hakuna kitu duniani ambacho hakukifahamu. Alikuja na kamba mpya begani.

"Nyinyi mtu hasikiki, mnakaa tu," alisema. "Antena ni ya kupandisha! Hata kuku, yeye nataka kuonekana, yeye napanda ukuta."

"Ee," Shangazi alimjibu, "na mwewe anamwona."

"Mimi iko na akili ya mlingoti, Kiden. We subiri."

Nilitegemea Shangazi amfukuze. Hakumfukuza. Alisimama uani akimtazama Mjomba anavyokwea mnara wa tangi la maji, soli zake zikiteleza, watoto wote wa Buluk wakimshangilia, mpaka waya wa antena, uliokuwa usawa wa paa, ukafungwa juu kabisa, juu ya vilele vya miti, juu ya kengele ya kanisa. Na kweli, adhuhuri ile redio iliamka. Tulimpata mtu wa Lusaka akilalamika juu ya bei ya mbolea. Tulimpata mwanamke anayecheka kwa lugha tusiyoijua. Mjomba alijipiga kifua.

"Sasa tunasikia dunia nzima," Mama alisema kutoka kwenye kinu chake, "isipokuwa mume wangu."

Siku zilizofuata Shangazi alijishughulisha sana. Alifuta redio vumbi ambalo halikuwepo. Aliongeza maji ya betri. Mara kadhaa nilimwona amekwenda mpaka chini ya mnara, ameshika fundo la chini la kamba ya Mjomba iliyoushikilia waya, amelipapasa kama mtu anayepima joto la mtoto mgonjwa, kisha ameliacha na kurudi ndani. Sikulifikiria. Mtoto haoni ajabu mtu mzima kushika kamba.

Kisha, adhuhuri moja, wamama wa kanisa walikuja na mikeka. Kwetu mikeka ya wageni haitandikwi uani bila sababu. Inatandikwa pakiwa na msiba, watu waje walale na wafiwa. Walikuja kwa upole, wanne, mikeka kwapani, na mmoja akaanza kufagia mahali pa kutandika. Mama aliwaona. Hakuinuka kwenye kinu. Alisema tu, kwa neno letu la pole na la samahani, "Malesh, kina mama. Msitandike bado."

Yule aliyekuwa anafagia hakuacha. Nadhani alidhani ni huzuni inayosema.

Shangazi alitoka chumbani mbio. Hakutazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnara, akafungua fundo, na waya wa Mjomba ukaanza kushuka. Ulishuka kupita kengele, ukapita paa, ukaja mpaka usawa wa kichwa chake, na hapo akaufunga kwenye nguzo za ua, huku na huku.

"Kiden!" Mjomba alilia, kana kwamba ni yeye aliyeshushwa. "Hiyo sasa ni kamba ya nguo!"

"Kama ni kamba ya nguo," Mama alisema, "basi nianike." Na kweli akainuka, kwa mara ya kwanza siku nyingi akiwa na kitu cha kusema, akachukua kitenge kibichi kwenye beseni.

"Wifi, toa hicho! Nguo mbichi inakula sauti."

"Wewe uliyekula chumvi yote ya Juba, unaogopa kitenge? Ova."

Hata wamama wa mikeka walicheka, kidogo, mkono mdomoni. Shangazi aliingia ndani, akageuza kidude cha sauti mpaka mwisho, na debe likakoroma kwa utulivu, koromo la chini kuliko la kawaida. Tukasubiri. Mtu wa Lusaka hakuwepo. Mwanamke wa kucheka hakuwepo.

"...Buluk, Buluk, Lado anaita, mnanipata? Nawaita kila siku. Ova."

Ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya chupa, lakini ilikuwa sauti ya Baba. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena, hata kwenye harusi. Mjomba alimkumbatia mwanamke asiyemjua. Mama alikaa chini mchangani, kitenge kibichi kifuani.

Mimi nililia. Nililia vibaya, kwa kelele, nikapiga miguu, nikapiga na redio yenyewe. Mama alidhani ni furaha mpaka aliposikia ninachosema: "Mnyamazisheni! Mnyamazisheni! Amerudi Malakal!"

Maana sheria ilikuwa wazi. Kimya ni kuja. Sauti ni umbali. Baba alikuwa amefika karibu kabisa, na watu wazima, kwa ujinga wao wa kamba, walikuwa wamemsukuma mbali tena.

Shangazi alinitoa nje, akanilaza chali kwenye mkeka wa mmoja wa wale wamama, na yeye akalala chali pembeni yangu, na nguo yake nzuri. "Ukitema mate juu ukiwa hivi," akauliza, "yanaangukia wapi?"

"Usoni."

"Na mtu akisimama juu ya mnara akayatema mbele?"

"Mbali. Kwa jirani."

"Basi. Waya ukiwa juu unatema kwa jirani. Tumeulaza chini, sauti inakwenda juu na kuturudia sisi wenyewe. Tumelaza waya ili tumpate wa karibu. Baba yako hajarudi nyuma, Keji. Ni sisi tumelala."

Nilitema, kuhakikisha. Yalirudi.

Baba alifika siku mbili baadaye, bandarini, akinuka dizeli na karanga. Alikuwa amesafiri juu ya magunia ya karanga na alizila njia nzima. Alinibeba mpaka nyumbani begani. Siku ile nzima sikumwambia neno hata moja, akauliza kama ninaumwa. Nilitaka tu ajue jinsi nilivyo karibu.

Nilipokuwa chuoni Kampala, mhadhiri alichora ubaoni mnara, tabaka la hewa, na mistari inayoruka, kisha akaweka kivuli kwenye ukanda wa katikati. Nilimwona Shangazi Kiden amechuchumaa mbele ya kinu. Nilifurahi mno. Hakutudanganya! Nilitembea na furaha hiyo mpaka langoni, na kwenye lango wazo la pili lilinisubiri, kwa sababu mimi sijawahi kupewa wazo moja likaja bila mwenzake. Ikiwa alijua ya ukanda wa kimya, alijua na dawa yake. Alijua kabla Mjomba hajanunua kamba. Kwa nini basi alisimama uani akamwacha aupandishe? Kwa nini alilishika lile fundo akaliacha, siku baada ya siku, huku Mama akiwa ameketi juu ya kinu?

Nilimuuliza Mama. "Muulize wifi yangu," alisema. "Hewa ni yake." Nilimuuliza Baba. "Mimi nilikuwa nakula karanga," alisema. Shangazi siku hizi anaishi Jinja, ana kibali chake cha ridhaa na redio kwenye meza ya jikoni. Nilimpigia simu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Ya hewani tunayamaliza hewani, Keji," akaniuliza kama nimepata mchumba, nikakata.

Kumpata hewani si kazi. Jinja ni mbali kiasi cha kutosha. Kwa waya wetu ulio juu anasikika kama yuko chumba cha pili. Shida ni kwamba hewani kila mtu anasikia, na mimi naona aibu hata kuagiza chai mbele ya watu. Ningeulizaje shangazi yangu, mbele ya Afrika Mashariki yote, kwa nini alichelewa? Na kama jibu ni baya? Na kama hakukuwa na sababu, alisahau tu? Hivyo ndivyo wiki ilivyopita, na ndivyo nilivyojikuta Jumamosi asubuhi, Abuk ameketi kwenye benchi yetu amekunja mikono, nami sijaandaa somo lolote.

Nilibonyeza kitufe. Nikamwita. Akajibu kabla sijamaliza herufi zangu.

"Shangazi," nilisema, "siku zile za tishari. Ulijua waya unatakiwa ushuke. Kwa nini ulimwacha Mjomba aupandishe? Ova."

Nikaachia. Redio ikakoroma.

"Mwanza hapa," sauti ya mzee mmoja ikaingia. "Samahani kwa kuingilia. Mama wa Jinja, jibu tu, na sisi tunasubiri. Ova."

"Tulia wewe mzee, nameza chai," Shangazi akasema. "Keji. Nilijua tangu siku ya kwanza. Waya ulipokuwa juu, kimya kilikuwa na sababu. Ningeushusha nisimpate, kingebaki kimya kisicho na sababu, na mama yako ameketi pale ananitazama. Niliogopa. Mjomba wako alipokuja na kamba yake nilimshukuru Mungu. Ova."

"Na ikawaje ukaushusha? Ova." Si mimi niliyeuliza. Ni Mwanza.

"Walileta mikeka, mzee. Nikaona heri niogope nikiwa nimeshika kamba. Ova."

Nilibonyeza kitufe. Nilikuwa nimesubiri kumsamehe, au kumstaajabia, na hakuna kilichokuja kati ya hivyo viwili. Nilimkumbuka Mama pale kwenye kinu, akitazamwa na wifi yake aliyekuwa anaogopa, na neno lile moja alilolichagua katika maneno yote. Hakusema ndiyo.

"Roja," nikasema. "Ova."

"Na kwa nini unauliza leo? Ova."

Nilimtazama Abuk. "Kuna mtu hapa anamtafuta mtu wa karibu. Ova."

"Na waya wenu uko wapi? Ova."

"Juu," nikasema. "Ova."

Shangazi Kiden alivuta pumzi, nikaisikia kutoka Jinja. "Sabini na tatu, Keji," akasema, ndivyo sisi tunavyotakiana heri, na akafunga.

Nilimpeleka Abuk paani. Boda boda zilikuwa zinapiga honi chini, jua limeshakaribia utosini. Nikamwonyesha fundo. "Tukiushusha, huenda tukampata kaka yako," nikamwambia. "Huenda tusimpate, na hapo hatutakuwa tena na waya wa kuulaumu. Nimekuwa nikichelewesha. Somo la wiki ijayo halikuwepo."

Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. "Dada Keji, umekuwa ukifikiria hilo wiki nzima?"

"Wiki nzima."

"Malesh," akasema, akinihurumia mimi. "Shusha."

Nilifungua. Tuliushusha pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, mpaka usawa wa kichwa, tukaufunga kwenye nguzo za ua. Ndani nilimvisha hedifoni, nikageuza kidude cha sauti mpaka mwisho, nikainuka kwenye kiti nikampisha. Kisha nikaipindua ndoo mlangoni, nikaketi.